Kulikagua Lori Kabla ya Safari, na la Kufanya Linapoharibikia Njiani

Hitilafu nyingi ambazo madereva wa malori husema zilitokea ghafla huwa zilianza mapema, pengine siku kadhaa kabla, na dalili zake zilionekana lori likiwa bado limeegeshwa. Tairi hupasuka baada ya kukimbia muda mrefu na upepo pungufu. Gurudumu huchomoka baada ya nati kulegea na kuacha mchirizi wa kutu kwenye rimu. Breki hugoma kwenye mteremko kwa sababu zilikuwa zimelegea tangu gari lilipoondoka. Ukaguzi wa kabla ya safari ni kazi ya kuzitafuta dalili hizo, na anayeifanya vizuri ni dereva anayejua, kwa kila kitu anachokigusa, kwamba kikiharibika njiani kitaharibika vipi na gari litafanya nini wakati huo.

Maelezo haya yanahusu malori mazito yenye breki za upepo, yawe ya peke yake au yanayovuta tela. Vipimo vinavyotajwa ni vya kawaida katika mafunzo ya madereva wa magari makubwa. Pale ambapo kitabu cha mtengenezaji au sheria ya nchi unayopita inadai zaidi, fuata inayodai zaidi.

Kabla ya kufungua boneti

Soma kwanza taarifa ya dereva aliyelitumia lori mara ya mwisho. Ikiwa kuna kasoro iliyoandikwa, tafuta maandishi ya fundi yanayothibitisha kuwa imetengenezwa, kisha nenda ukaithibitishe mwenyewe. Gari liwe mahali tambarare, breki ya kuegesha iwe imefungwa, magurudumu yawe yamewekewa kabari, na ufunguo uwe mfukoni mwako ili mtu mwingine asije akawasha injini wakati wewe umeinama chini ya gari.

Unapolikaribia, simama mbali kidogo na ulitazame lote kwa pamoja. Lori lililoinama upande mmoja lina springi iliyovunjika, mfuko wa upepo uliotoboka, tairi lililoishiwa upepo au mzigo uliohama, na kila moja kati ya hayo inatosha kulizuia lisiondoke mpaka sababu ijulikane. Tazama pia ardhi iliyo chini yake, kwa maana unyevu mpya chini ya injini, chini ya tangi la dizeli au upande wa ndani wa gurudumu una maana yake. Oili inayovuja kwenye kitovu cha gurudumu hasa isipuuzwe: beringi ikikauka hupata moto, hushika, na mwisho gurudumu zima huweza kutoka.

Kwenye injini iliyopoa, pima oili na maji ya redieta, kagua mikanda na mipira, na uangalie oili ya usukani. Madereva wengi hutafuta upungufu tu, lakini oili iliyopanda kupita alama ya juu bila mtu kuongeza ni habari mbaya zaidi kuliko iliyopungua kidogo, kwa sababu ina maana kwamba dizeli au maji yanaingia ndani yake. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, na injini hiyo isiwashwe. Mkanda wenye nyufa au nyuzi zinazochomoza ubadilishwe sasa, kwa kuwa ukikatika njiani unaweza kusimamisha pampu ya maji na altaneta inayochaji betri kwa mpigo mmoja. Fungua pia kichungi cha kutenganisha maji na dizeli, uyatoe maji yaliyotuama chini.

Tairi na nati

Kulipiga tairi teke au nyundo hakutoshi. Sauti itakuambia kwamba tairi limekufa kabisa, lakini haitatofautisha lenye upepo kamili na lililopoteza theluthi ya upepo wake, na hili la pili ndilo linalopasuka. Tumia geji, asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililoshuka chini ya asilimia 80 ya upepo uliopendekezwa lihesabiwe kuwa halina upepo: kuta zake zinajikunja kwa kila mzunguko, zinazalisha joto, na nyuzi za chuma zilizo ndani zinachoka bila alama yoyote kuonekana nje.

Magurudumu pacha yanahitaji uangalifu wa pekee. Moja likipungua upepo, mwenzake hubeba mzigo wa yote mawili na kulificha, kwa hiyo ukitazama kwa mbali kila kitu kinaonekana sawa. Yakianza kusuguana kuta, joto linalotokea linaweza kuwasha moto. Ingiza tochi katikati yao utafute jiwe lililokwama, alama za msuguano na valvu iliyopinda. Mtu akikuambia tairi la ndani haliwezi kufikiwa na geji, jibu ni kufunga kirefusho cha valvu, si kuliacha bila kupimwa.

Kuhusu kina cha meno ya tairi, kanuni za Marekani zinataka yasipungue milimita 3.2 kwenye tairi za mbele na milimita 1.6 kwenye nyingine. Nchi nyingine zina viwango vyao. Uvimbe ukutani, mpasuko unaoonyesha nyuzi, au meno yaliyolika upande mmoja ni sababu za kulibadilisha tairi hata kama kina bado kinatosha. Tairi la mbele lisifanyiwe mzaha wowote, kwa kuwa ndilo linaloongoza gari.

Kisha nati. Chuchumaa usawa wa gurudumu na uitazame kila nati kwa karibu. Nati iliyokaza huwa na vumbi lililolala sawasawa hadi kwenye rimu. Iliyolegea huchezacheza, na msuguano wake huacha mstari mwembamba wa kutu au wa chuma kinachong'aa, ukianzia kwenye nati na kutawanyika kuelekea nje. Mara nyingi tundu la bolti nalo huwa limeanza kutanuka na kuwa na umbo la yai. Ukiona mstari huo usikaze tu na kuondoka, kwa kuwa rimu na bolti huenda vimeshaumia. Gurudumu livuliwe na kukaguliwa. Gurudumu lililofungwa upya lirudiwe kukazwa baada ya kilomita 80 hadi 160, kwa kuwa nati hulegea kadiri rimu inavyojikalisha.

Breki za upepo

Hapa ndipo muda mwingi wa ukaguzi unapaswa kutumika, na kwa bahati mbaya ndipo panaporukwa zaidi, kwa sababu jaribio kamili linahitaji dakika kadhaa za kukaa kwenye kiti na kuitazama geji bila kufanya lolote. Lakini ni dakika hizo zinazokuonyesha lori litasimamaje likiwa na mzigo wote.

Washa injini uache upepo upande mpaka kompresa, yaani pampu ya kujaza upepo, ijizime yenyewe, kwa kawaida kati ya psi 120 na 140 (psi ni pauni kwa inchi mraba, kipimo cha shinikizo la upepo), yaani takriban baa 8 hadi 9.5. Zima injini, washa swichi tu, hakikisha kabari ziko mahali pake, kisha fungua breki ya kuegesha na uitazame geji kwa dakika 1. Lori la peke yake lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, na lenye tela moja lisipoteze zaidi ya psi 3. Sasa kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nyingine: baada ya mshuko wa mwanzo, upotevu usizidi psi 3 kwa lori la peke yake na psi 4 kwa lenye tela. Ukizidi, kuna mpira, kiungo au kiwambo cha chemba (kopo la upepo linalosukuma breki ya gurudumu) kinachovuja, na uvujaji unaotokea pedali ikikanyagwa tu uko upande wa breki zenyewe, si kwenye matangi.

Endelea kwa kukanyaga na kuachia pedali mara kwa mara ili upepo ushuke. Taa au king'ora cha onyo lazima kiwake kabla upepo haujashuka chini ya psi 55. Ukiendelea, kitufe cha breki ya kuegesha kinapaswa kuruka chenyewe upepo ukiwa kati ya psi 45 na 20, na springi za breki hiyo, ambazo upepo ndio huzizuia, zikishika magurudumu. Gari ambalo king'ora chake hakilii litakuacha uendelee kwenda huku upepo unaisha, mpaka springi zishike zenyewe wakati ambao hukuuchagua.

Yatoe maji kwenye matangi ya upepo kila siku, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji ameelekeza vinginevyo. Vuta kamba ya valvu na uweke kitambaa cheupe chini yake. Unyevu kidogo ni wa kawaida. Maji mengi kwenye gari lenye kikausha-hewa yana maana kwamba kikausha-hewa hicho kimechoka. Uji wa kijivu wenye utelezi ni mchanganyiko wa maji na oili, dalili kwamba kompresa inapitisha oili, na oili hiyo huharibu raba za valvu moja baada ya nyingine. Maji pia huchukua nafasi ya upepo: geji itasoma psi ileile, lakini tangi litakuwa na akiba ndogo zaidi ya kusimamishia gari.

Mwisho, breki zikiwa zimeachiwa na magurudumu yamewekewa kabari, ingia chini na uvute kwa mkono kila mkono wa kurekebishia breki, yaani wenzo unaosukumwa na fimbo ya chemba ili kuifunga breki. Ukisogea zaidi ya takriban milimita 25 pale unapounganika na fimbo ya chemba, breki hiyo imelegea. Sababu ya kuwa mkali kwa jambo hili ni kwamba dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) ikipata joto hutanuka na kujitenga na lainingi (kitambaa cha breki kinachoisugua), hivyo fimbo hulazimika kusafiri mbali zaidi. Breki iliyolegea kidogo inaweza kushika vizuri uwanjani na isishike kabisa katikati ya mteremko mrefu. Ikiwa mikono hiyo ni ya kujirekebisha yenyewe, usizoee kuikaza kwa spana. Mkono wa aina hiyo ukilegea, umeharibika au kuna sehemu nyingine yenye kasoro, na kuukaza ni kuificha kasoro hiyo.

Tela, taa na mzigo

Kwenye sahani ya kuungia tela, usiridhike kwa kusikia mlio wa kufunga. Ingia na tochi uthibitishe kwamba taya zimeizunguka shingo ya kingpini, ile pini nene iliyo chini ya tela, na si kichwa chake, kwamba hakuna uwazi kati ya sahani ya juu na ya chini, na kwamba mpini wa kufungulia umerudi hadi mwisho na kufungwa. Baada ya hapo funga breki za tela na ujaribu kulivuta taratibu. Mipira ya upepo isiburuzwe wala isivutike gari linapokata kona.

Taa, indiketa, honi, waipa na vioo havihitaji maelezo marefu: jaribu kila kimoja, na kwa taa za breki muombe mtu asimame nyuma. Usukani usizunguke zaidi ya nyuzi 10 kabla magurudumu hayajaanza kugeuka, ambazo kwenye usukani wa kipenyo cha sentimita 50 ni zaidi kidogo ya sentimita 4 ukingoni. Kamba na minyororo ya mzigo ikaguliwe kabla ya kuondoka na tena ndani ya kilomita 80 za kwanza, maana mzigo hujipanga upya barabarani na kamba iliyokuwa imekaza hulegea.

Hakikisha kizimamoto kimejaa, na kwamba una pembetatu za tahadhari tatu, fulana ya kuakisi mwanga, tochi, kabari, jeki pamoja na ubao imara wa kuiwekea chini, fyuzi, balbu na mkanda wa akiba. Yote haya, kwa dereva aliyezoea, huchukua kama nusu saa. Najua kwamba wengi hulipwa kwa safari na si kwa saa, na kwamba msimamizi anayekuharakisha hatakuwapo mteremkoni. Mwajiri anayetaka mzigo ufike auhesabu ukaguzi kuwa sehemu ya safari na aulipie.

Lori likiharibika barabarani

Hata lori lililokaguliwa vizuri linaweza kukuangusha. Msumari haukuwapo asubuhi, na jiwe hukata mpira wa upepo bila taarifa. Tofauti ni kwamba dereva aliyekagua anajua hali ya sehemu nyingine zote, hivyo hutambua haraka nini kimebadilika.

Tairi la mbele likipasuka, shika usukani kwa nguvu kwa mikono yote miwili na usikanyage breki. Breki ya ghafla hupeleka uzito mbele kwenye tairi lililokufa na kulivuta gari upande huo. Endelea kulinyoosha gari, acha mwendo upungue wenyewe, na ukishakuwa na udhibiti kamili ndipo ukanyage breki taratibu na kutoka barabarani. La nyuma likipasuka utasikia mshindo au mtetemo tu, pengine utaona vipande kwenye kioo. Hatua ni zilezile. Tairi lililokimbia bila upepo lisijazwe tena pale kando ya barabara, kwa kuwa nyuzi za ukuta zilizochoka zinaweza kufunguka kwa mlipuko wakati wa kujaza, na wapo walioumia na kufa kwa njia hiyo.

Onyo la upepo mdogo likiwaka, tafuta mahali pa kusimama mara moja, ukiwa bado na upepo wa kusimamia, na usipoteze akiba kwa kukanyagakanyaga pedali. Mpira mwekundu unaolisha tela upepo ukikatika, breki za tela zitajifunga zenyewe. Mpira wa pili, ule unaopeleka amri ya breki, ambao una rangi ya bluu au ya njano kulingana na nchi, ukikatika hutahisi chochote mpaka utakapokanyaga pedali, na hapo upepo utapotea haraka. Hii ndiyo sababu mpira huo unastahili kutazamwa kwa makini zaidi asubuhi. Chemba yenye springi isifunguliwe kamwe njiani. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na hufungiwa kwa bolti yake maalumu na mtu aliyefundishwa.

Kwenye mteremko, gia ya chini iingizwe kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu ukijaribu kuishusha ukiwa umeshapata kasi unaweza kujikuta huna gia yoyote. Breki ya injini ifanye kazi kubwa, na pedali ikanyagwe kwa nguvu ya kutosha kupunguza kama kilomita 8 kwa saa chini ya mwendo salama, kisha iachiwe mpaka kasi irudi kwenye mwendo huo. Ukisikia harufu ya lainingi kuungua, au pedali ikihitaji kukanyagwa zaidi kwa matokeo yaleyale, simama wakati bado inawezekana. Breki zikipotea kabisa, tumia njia ya dharura ya kusimamishia malori ikiwepo. Isipokuwepo, tafuta upande unaopanda au uwanja usio na watu, na ufanye hivyo mapema, maana kila sekunde inaongeza kasi. Lori likishasimama na breki zikiwa za moto sana, lizuie kwa kabari, usifunge breki ya kuegesha mpaka zipoe, kwa kuwa kuzifunga zikiwa katika joto hilo kunaweza kuziharibu.

Moshi kwenye gurudumu unaweza kutoka kwenye breki iliyoshika, beringi au tairi. Simama mbali na majengo na magari mengine, na usiligeuzie moto kisogo hata kama kizimamoto kimeuzima: tairi huhifadhi joto ndani na huweza kuwaka tena, na ni maji mengi tu yanayolipoza kikweli.

Taa ya presha ya oili ikiwaka, zima injini haraka iwezekanavyo baada ya kutoka barabarani, kwa maana kila dakika ya ziada inaitafuna injini yenyewe. Geji ya joto ikipanda, punguza mwendo na usimame. Kama maji hayajamwagika, acha injini iunguruke bila mzigo ili maji yaendelee kuzunguka. Kama yamemwagika, izime. Kifuniko cha redieta kisifunguliwe mpaka kiwe baridi mkononi, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo huchemka na kuruka papo hapo kifuniko kinapolegezwa.

Popote utakaposimama, washa taa za dharura na uweke pembetatu mapema. Kwa mfano, kanuni ya Marekani kwa barabara ya njia mbili inataka ziwekwe ndani ya dakika 10: moja mita 3 kutoka kwenye gari upande wa magari yanayokuja, nyingine mita 30 nyuma na nyingine mita 30 mbele. Penye kona au kilima kinachoziba macho, ile ya upande huo isogezwe mpaka ionekane kabla ya kona, hadi mita 150. Unapozipeleka, zishike mbele yako ili madereva wakuone, na abiria wako akae mbali na barabara, si ndani ya gari wala nyuma yake.

Baada ya hapo uamue kama safari inaendelea. Kasoro ya breki, usukani, tairi la mbele au maungio ya tela haisafirishwi, hata kwa mwendo wa polepole, hata kama gereji iko karibu. Fundi ndiye aje. Altaneta iliyokufa mchana inaweza kukufikisha kituo cha karibu ukizima vitu visivyo vya lazima, lakini usiku hapana. Ukifunga mpira wa redieta kwa muda ili ufike, waambie watakaolipokea lori.

Andika kila kitu siku hiyohiyo: saa, mahali, geji zilisoma nini kabla na baada, harufu au sauti iliyotangulia, gurudumu lipi, na ulichofanya. "Breki mbaya" haimsaidii fundi. "Upepo ulishuka kutoka psi 110 hadi 70 baada ya kukanyaga pedali mara mbili, sauti ya kuvuja upande wa kulia wa ekseli ya nyuma ya tela" inampeleka moja kwa moja kwenye chemba inayovuja, na inampa dereva wa kesho mahali pa kuanzia ukaguzi wake.